Daraja la Maji na Mteremko wa Wajane

Mdogo wangu wa kiume alikuja Makambako asubuhi moja ya baridi, zile asubuhi za Juni ambazo madereva wa malori huota moto wa vipande vya mbao kando ya barabara na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Alishuka kwenye bodaboda na gunia la viazi, akaliegemeza mlangoni pa ofisi yangu, halafu akabaki amesimama nje. Tangu tumzike mama hakuwa amekuja kwangu.

"Kamwene, dada."

"Kamwene. Ingia, usiniachie mlango wazi."

Ofisi yangu ni chumba kimoja jirani na viwanja vya mbao. Nilisomea ufundi sanifu wa maji, nikafanya kazi kwenye miradi ya vijiji, Makete na Ludewa, hadi Lupingu kule ziwani, mpaka magoti yakachoka na milima. Sasa nawachorea watu ramani za nyumba na mabanda ya kuku. Mdogo wangu alikaa kwenye kiti cha wateja, akaangalia michoro ukutani, akauliza habari za shemeji yake bila kunitazama usoni. Nikamwambia shemeji yake yuko safarini Songea na lori. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema kilichomleta.

"Daraja la maji linaanguka. Nguzo ya tatu imekaa upande. Wapo wafadhili wa parokia wamekubali kutoa saruji na nondo, lakini wanataka mchoro. Wanataka kujua limejengwaje na litatengenezwaje. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfereji sasa. Nikasema, dada yupo."

Daraja hilo nalijua tangu kabla sijajua kusoma. Kijijini kwetu, nje ya mji wa Njombe, kuna misheni ya zamani, na maji ya misheni yanatoka kwenye chemchemi ya kilimani. Yanafuata mfereji uliochimbwa ubavuni mwa kilima hadi penye korongo, na hapo hayashuki. Yanapita juu, kwenye mfereji wa matofali uliobebwa na matao, kama barabara ya treni inavyopita juu ya mto. Ng'ambo ya korongo ndiko kulikokuwa na kinu cha zamani cha kusagia nafaka na mashamba. Babu zetu walibeba yale mawe na kuchoma yale matofali. Kibao kilichopigiliwa kwenye nguzo ya kwanza kinawataja wamisionari tu.

"Baba anajua umekuja kwangu?" nilimuuliza.

"Anajua."

"Amesemaje?"

Mdogo wangu akajikuna shingo. "Hakukataza."

Hapa lazima nieleze habari za baba. Baba alikuwa katekista maisha yake yote ya nguvu. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na yeye ndiye aliyenisomesha akijinyima, akijivuna kigangoni kote kwamba binti yake anajifunza kupima maji. Kisha nikapendana na msafirishaji wa Makambako, Mwislamu, mtu wa Singida aliyekuja na lori la alizeti akaamua kubaki. Tulifunga ndoa bomani, kila mmoja akabaki na dini yake. Baba hakunifukuza wala hakunitukana. Aliacha kunisemesha. Nikienda nyumbani alikuwa akikaa nami sebule moja, na akitaka chumvi iliyo mbele yangu alimwambia mama: "Mwambie mgeni anisogezee chumvi."

Mama ndiye aliyekuwa anakuja kwangu. Alisingizia kuuza maharage Makambako, akafika, akaacha maharage kwa mtu stendi, akaja kukaa na sisi mchana kutwa. Alimpenda mume wangu. Walicheka pamoja mambo ambayo mimi sikuyaona ya kuchekesha. Mwaka wake wa mwisho, akiwa amelala nyumbani na sote tumemzunguka, alisema wazi: "Kile kishamba changu cha ng'ambo ni cha binti yangu. Baba yake umesikia. Na wewe mwanangu umesikia." Baba aliitikia kwa kichwa. Mdogo wangu alisema, "Nimesikia, mama."

Kishamba chenyewe kipo kwenye mteremko, upande wa kulia ukishavuka daraja. Zamani maji yalifika. Mfereji mdogo wa upande ule ulipokufa, mama akawa anabeba maji kichwani kutoka kijitoni chini ya korongo ili apate mboga za kiangazi. Wenye mashamba jirani naye walikuwa wanawake wa namna ileile, wajane wengi wao, waliobakiziwa mteremko kwa sababu wanaume walichukua tambarare. Watu waliuita mteremko wa wajane, hata mama alipokuwa bado na mume.

Kwa hiyo niliposema nitachora, sikusema kwa ajili ya wafadhili. Nilitaka maji yafike kwenye kishamba cha mama. Malipo sikuyataja, na mdogo wangu hakuyataja.

Nilikwenda kijijini nikakaa kwa jirani wa mama, mjane mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili. Nyumbani sikulala. Asubuhi ukungu ukipungua nilishuka korongoni na tepu, kamba, mpira wa leveli uliojaa maji, na vijana wa kamati wa kunishikia ncha ya pili.

Hakuna mchoro wa zamani uliobaki. Kama uliwahi kuwepo, ulichukuliwa au uliliwa na mchwa. Ikabidi nilisome daraja lenyewe, na siku zile ni kati ya siku nilizofurahi sana katika kazi yangu. Nasema hivyo ingawa najua kilichofuata.

Kwanza niliona kwamba mfereji unapokaribia daraja unapinda ghafla na kugonga mwamba. Tangu utotoni nilidhani walikwepa mti. Nilipopima nikaona sivyo. Maji yakigonga pale yanapoteza mbio, yanazunguka kwenye kidimbwi, yanaacha mchanga, ndipo yanapanda darajani yakiwa safi na mapole. Mchanga ungeingia juu ungejaza mfereji na uzito ungevunja matao. Halafu mteremko wa daraja: mdogo kiasi kwamba macho hayauoni. Mpira wa leveli tu ndio ulionionyesha kwamba ncha ya pili iko chini kidogo kuliko ya kwanza. Tao la katikati ni pana kuliko mengine, kwa sababu chini yake mwamba umelala vibaya na walioweka nguzo walikataa kuuamini. Walisogeza nguzo, wakapanua tao, wakaongeza unene wa matofali juu yake. Mtu aliyepanga hayo alikaa korongoni siku nyingi kabla ya kusema jambo.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo lililoniuma baadaye: mfereji wa juu ni mpana kupita mahitaji ya tambarare peke yake. Nilipiga hesabu mara kadhaa. Ng'ambo, penye kichaka, nikaamuru vijana wafyeke, na pakatokea mawe ya sanduku la zamani la kugawia maji. Lilikuwa na midomo miwili. Mmoja uliangalia tambarare, kushoto. Mwingine uliangalia mteremko, kulia. Huu wa kulia ulikuwa umejaa udongo na mizizi ya mkaratusi.

Baba alikuja siku ya pili. Alikuja na mkongojo wake na koti lake la ibada, akakaa kwenye jiwe juu ya korongo. Nilimsalimia. Akamwambia mdogo wangu aliyekuwa pembeni yangu, "Mwambie fundi ile nguzo ya tatu ilianza kuzama mwaka ule wa mvua kubwa, mti ulipokuja na maji ukaipiga."

Mdogo wangu, amesimama kati yetu, akaona aibu. "Baba anasema..."

"Nimesikia," nikasema. "Mwulize baba, mti uliipiga upande gani?"

"Mwambie upande wa juu."

Tulipima hivyo wiki nzima. Baba alikuwa anajua mengi, na mengine alikosea nikayaona kwenye kipimo, na yote yalipita mdomoni kwa mdogo wangu kama vile mimi na baba tulizungumza lugha mbili. Kuna wakati nilimwona baba akitabasamu, nilipokuwa nimepanda juu ya tao kukagua ufa. Nilifikiri labda. Siku zile nilifikiri labda mara nyingi.

Mkutano wa mpango ulifanyika kwenye darasa la shule. Nilibandika mchoro ubaoni. Nilieleza kwamba nguzo ya tatu itabomolewa na kujengwa upya juu ya msingi mpana wa zege, matao mengine yatazibwa nyufa kwa chokaa na si kwa saruji tupu, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko matofali yale na ingeyapasua. Kisha nikapendekeza maji yasipite tena wazi juu. Yapite ndani ya bomba lililolazwa kwenye mfereji wa zamani. Hayavuji, hayaozeshi matao, na kutoka nje daraja linabaki vilevile.

Mjumbe mmoja mzee akasimama.

"Kwa hiyo maji hatutayaona?"

"Yatakuwepo, ila ndani ya bomba."

"Baba yangu alikuwa anatubeba mabegani tuone maji yakipita hewani. Sasa wajukuu zangu niwaonyeshe bomba?"

Wakacheka, lakini walikuwa upande wake. Nikabadilisha. Nilichora mfereji wazi wenye sakafu mpya ya zege nyembamba na maungio yanayoweza kupanuka juani, kazi ngumu zaidi, na sijutii, kwa sababu mzee yule alikuwa na haki.

Jambo lililobishaniwa kidogo sana lilikuwa sanduku la mgawo. Nilionyesha midomo miwili na milango yake ya chuma. Nilieleza kwamba nimepima maji ya kiangazi na yanatosha pande zote mbili kwa zamu. Jirani wa mama akasimama, akasema kwa ile sauti yake, "Sisi wa mteremko tutachimba mfereji wetu wenyewe. Hatumwombi mtu. Tunataka mdomo tu."

Mdogo wangu, kama mwenyekiti, akauliza nani anapinga. Hakuna mkono uliopanda. Wakaweka sahihi, mhuri wa kijiji ukagongwa.

Wanawake walianza kuchimba hata kabla saruji haijafika. Niliwapimia njia ya mfereji ubavuni mwa mteremko, nikipigilia vigingi, nao wakifuata kwa majembe. Walichimba kwa zamu za vikundi, wakiimba Kibena, watoto mgongoni, vyungu vya togwa kivulini. Mfereji ulipita juu ya kishamba cha mama na kuendelea hadi mwisho. Jirani wa mama aliniambia, "Mama yako angekuwepo angetuzidi wote kuchimba." Nilijua si kweli, mama alichukia jembe, lakini nilimshukuru.

Kazi ya kujenga ilipoanza nilikuwa nakwenda na kurudi. Nguzo ya tatu ilisimama vizuri. Sakafu ya juu ilimwagwa chini ya macho yangu. Lilikuwa limebaki sanduku la mgawo tu wakati mume wangu alipoanguka kutoka juu ya tela akiwa anakaza turubai, akavunjika nyonga. Tulimpeleka hospitali Tandala, nikakaa naye huko, nikilala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Mdogo wangu alipiga simu mara nyingi. Aliuliza hali ya shemeji. Aliniambia, "Wewe muuguze mumeo, dada. Mchoro tunao. Fundi anaufuata kama ulivyo." Nilimshukuru kwa moyo wote. Nilimwambia mume wangu, unaona, ndugu yangu amebadilika.

Mume wangu alikuwa anatazama dari. "Bwana asifiwe," alisema, kwa namna ya Kikristo, kunitania. Maumivu yalikuwa yamemzidi, lakini alipenda kunifurahisha.

Siku ya kubariki daraja alikuwa ameruhusiwa, anatembelea magongo, akasisitiza tuende. Alikodi gari ndogo la rafiki yake. Tulifika misa ikiwa imeisha na watu wameshajipanga ukingoni mwa korongo, kwaya imevaa sare, mgeni wa wafadhili amewekewa kiti. Padre akanyunyiza maji ya baraka kwenye nguzo. Juu kilimani mtu akainua lango.

Maji yalichelewa. Kisha tukasikia. Yalifika kwenye mwamba, yakajizungusha kwenye kidimbwi kama yalivyopangiwa na mtu aliyekufa zamani, yakapanda darajani. Yalipita juu ya tao la kwanza, la pili, yakapita nguzo yangu ya tatu, na hakuna tone lililovuja. Watu walipiga vigelegele. Yule mjumbe mzee alikuwa amembeba mjukuu mabegani ingawa mwenyewe miguu ilikuwa inamtetemeka. Mume wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo ni kazi yako." Mdogo wangu akasoma hotuba. Aliwashukuru wafadhili, parokia, kamati, mafundi, nguvu za wananchi. Jina la dada yake halikuwemo, na wala neno dada. Nalo nikalimeza, kwa sababu maji yalikuwa yanapita.

Nikavuka ng'ambo kuyaona yakigawanyika.

Sanduku lilikuwa zuri, limepigwa lipu laini. Lilikuwa na mdomo mmoja, wa kushoto. Upande wa kulia ukuta ulikuwa mzima, zege tupu, hauonyeshi hata alama ya mahali mdomo ulipotakiwa kuwa. Maji yote yalikuwa yanakwenda tambarare, kwenye miche mipya ya parachichi ya wajumbe wa kamati, na miche ya mdogo wangu ilikuwa mingi kuliko ya wote. Upande wa pili wanawake walikuwa wamesimama kando ya mfereji wao mkavu wakiwa na majembe, wamevaa nguo za kanisani. Walikuwa bado wanasubiri. Walidhani maji yatakuja baadaye kidogo.

Jirani wa mama akaniuliza, "Fundi, mbona hayaji?"

Nilimtafuta mdogo wangu kwenye umati uliokuwa umevuka nyuma yangu, nikamshika mkono wa koti, nikamvuta hadi kwenye sanduku.

"Mdomo wa kulia uko wapi?"

"Dada, leo kuna wageni."

"Nakuuliza uko wapi."

Akashusha sauti. "Kamati ilikaa upya. Parachichi linataka maji ya uhakika. Soko limekuja, dada, watu wanapata nyumba kwa parachichi. Ukigawa maji, hakuna anayefaidi. Wale kina mama wanalima nini pale? Mchicha?"

"Mliweka sahihi. Wamechimba. Sanduku la zamani lilikuwa na midomo miwili, daraja lenyewe lilipimwa kwa pande mbili. Huwezi kusema hukuona, ulinishikia mpira."

"Mchoro ni karatasi tu, dada. Sisi ndio tunaoishi hapa."

Sikujua kama baba alikuwa nyuma yetu. Alikuwa amesikia. Alikuja taratibu na mkongojo, akasimama mbele yangu, akaniangalia usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nywele zangu zilipokuwa nyeusi. Katika miaka yote ile nilikuwa nimejiandalia maneno ya siku atakayonisemesha. Nilijiambia nitapiga magoti. Nilijiambia sitamlaumu kwa lolote.

"Binti yangu," alisema, "kazi yako imekwisha. Mchukue mumeo mwende kwenu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata pa kushika. Kisha akageuka akaenda kukaa kwenye kiti alichowekewa karibu na wageni.

Mume wangu alikuwa upande mwingine wa korongo, hakuweza kuvuka na magongo yake. Niliporudi aliniona uso, akanifungulia mlango wa gari. Kwenye gari nililia hadi Njombe mjini, na baada ya hapo sikulia tena kwa habari hiyo.

Juma lililofuata jirani wa mama alinipigia simu mchana. Nyuma ya sauti yake nilisikia nyundo. "Tunakufungulia mdomo wako," alisema. Walikuwa wamekwenda wote, jua la saa nane, mbele ya kila mtu, na mitaimbo na nyundo za kuvunjia kokoto, wakatoboa ukuta wa kulia. Maji yalifika kwenye mteremko jioni ile. Kesho yake kamati ikaziba kwa zege na nondo. Wanawake wakatoboa tena, pembeni. Hapo ofisi ya mtendaji ikaitisha mkutano wa kijiji.

Nilikwenda na mchoro wenye mihuri. Niliueleza mbele ya kijiji kizima kwenye uwanja wa shule. Mdogo wangu naye akaeleza habari za soko, za wanunuzi, za maendeleo, na alieleza vizuri, ana kipaji. Mwisho mtendaji akatafuta njia ya kuwaridhisha watu wote. Mdomo wa kulia utajengwa, alisema, na utakuwa na lango lenye kufuli. Wa mteremko watapata maji siku ya Jumapili, kuanzia kunapopambazuka hadi adhuhuri. Siku nyingine zote ni za tambarare.

Jirani wa mama akasimama. "Jumapili asubuhi tuko misani."

"Mama, siku ndiyo hiyo iliyo wazi," mtendaji akasema. "Tambarare siku hiyo hawamwagilii."

"Hawamwagilii kwa sababu wako misani!"

Watu wakacheka. Nilimwangalia baba, katekista aliyewafundisha wanawake wale wote amri za Mungu na za Kanisa, tangu wakiwa wasichana. Alikuwa anatazama ncha ya mkongojo wake. Mkutano ukafungwa kwa sala, na aliyeombwa kuiongoza ni yeye.

Nilibaki na neno moja tu la kudai, nalo ni kishamba. Siku hiyohiyo nilipanda mteremko, nikakikuta kimeshachimbwa mashimo kwa mistari, na katika kila shimo mche wa parachichi. Nilishika mche wa kwanza kwa mikono miwili. Mume wangu, niliyekuwa nazungumza naye kwenye simu, akasema, "Ukiing'oa utawapa wanachokitafuta. Nenda kwenye baraza." Nikauacha.

Baraza la kata lilitusikiliza mimi na mdogo wangu. Yeye alisema mama alikuwa mgonjwa, maneno ya mgonjwa si wosia. Nami nikasema mashahidi wapo, baba alikuwepo. Wakamwita baba. Mwenyekiti wa baraza akamwuliza kwa heshima, "Mzee, marehemu alisema kishamba kile ni cha binti yake?"

Baba aliuhamishia mkongojo wake mkono wa pili. Chumba kizima kilikuwa kinasubiri, na mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa.

"Sikumbuki," alisema baba.

Anakumbuka mwaka mti ulipopiga nguzo ya tatu na upande ulioipiga. Anakumbuka zaburi nzima. Sikumwuliza swali. Niliwaambia wazee wa baraza kwamba sina la kuongeza, nikachukua mkoba wangu. Kishamba kikabaki kwa mdogo wangu. Miche imeshika vizuri, kwa sababu iko kwenye mteremko usiotuamisha maji. Yeye anapata maji ya pande zote mbili.

Jirani wa mama alinikatia kipande kwenye shamba lake, matuta machache chini ya mfereji, akasema nilime ninachotaka. Nilikataa mwanzoni. Kisha nikaanza kwenda Jumapili mojamoja, mume wangu akinipeleka. Nyonga imepona na kumwachia mguu mmoja mfupi, lakini gari anaendesha. Yeye hukaa ukingoni na redio yake. Mimi nafungulia maji na wanawake. Padre aliwahi kuwakemea kwa kukosa misa, wakamjibu kwamba waliompangia Mungu siku wanajulikana waliko. Sasa wanagawana. Nusu wanasali mwezi huu, nusu wanamwagilia, mwezi ujao wanabadilishana.

Jumapili iliyopita nilikuwa zamu. Nilipanda kabichi. Kutoka ng'ambo tulisikia kwaya ikiimba utukufu, na baadaye kengele ya mageuzo, padre anapoinua hostia, na mwanamke mmoja kando yangu alipiga goti ndani ya tope, akafanya ishara ya msalaba, akashika jembe tena. Hatukuzungumza sana. Maji ni machache kwa mteremko mzima kwa saa zile, kila mtu ana haraka ya tuta lake. Bado hatujafika matuta ya mwisho mlinzi wa kamati alipotokea na ufunguo, akatusalimia kwa adabu, akateremsha lango, akapiga kufuli. Maji yaliyokuwa njiani yaliendelea kidogo kwenye mfereji, yakawa membamba, yakasimama. Matuta ya chini yalikuwa makavu. Jirani wa mama akachukua ndoo, akashuka korongoni kwenda kijitoni, na mimi nikachukua ya pili nikamfuata.